Picha Iliyobaki Ndani ya Kamera

Kwa miaka ishirini na miwili Donat aliishi akiamini jambo moja: picha ikishapigwa, imepigwa. Kamera inaweza kukwama, mvua inaweza kuinyeshea, mteja anaweza kuikataa sura yake mwenyewe na kuapa kwamba ile si pua yake, lakini picha imo mle ndani, gizani, inamngoja mtu mwenye subira. Subira Donat alikuwa nayo. Alichokosa ni unyenyekevu wa kuuliza, na watu wa namna hiyo tunawajua, wako kila mtaa.

Alizaliwa Goma, upande wa pili wa mpaka, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani. Huko ndiko alikojifunza kazi, akianza kwa kufagia studio ya mzee mmoja na kumaliza kwa kuirithi kamera yake. Mwaka 1994 alivuka na mkewe Cansilde na binti yao Akaliza, akafungua studio Gisenyi, hatua chache kutoka sokoni. Ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Gisenyi aliyewahi kuyaona, ila nusu ya mji walipigwa picha mbele yake. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, mlango umezibwa kwa blanketi mbili, na Cansilde alikatazwa kuingia humo hata nyumba ikiungua. Humo Donat alisafisha filimu zake za rangi nyeusi na nyeupe. Kazi hiyo aliijua kwa vidole. Ungemfunga kitambaa machoni, bado angekutolea picha ya arusi yako safi kuliko arusi yenyewe ilivyokuwa.

Basi mwanzoni mwa 1999 binamu yake Valens, anayeishi Brussels, akamletea kupitia mikono ya padri mmoja kamera ndogo isiyokula filimu. Donat aliigeuza huku na huku akitafuta pa kuweka filimu, mbele ya watu, na hilo lilimkera mpaka siku ya pili. Badala ya filimu ilikuwa na kadi nyeusi, nyembamba kama biskuti iliyokanyagwa. Nyuma ilikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha picha uliyopiga, hapo hapo. Watu walijaa kibarazani. Donat alisimama katikati yao kama aliyeizaa.

Kumbe alikuwa ameletewa mgonjwa. Kwanza ilikuwa mlafi wa betri: nne kwa picha kumi na tano, na kioo kikiwaka, hata kumi hazifiki. Pili, ilikuwa na mawazo mengi. Unabonyeza, inafikiri, halafu ndipo inapiga, na katika muda huo bibi arusi ameshapiga chafya. Ukiitoa asubuhi kwenye ubaridi wa ziwa ukaingia nayo ndani, jicho lake linapata ukungu na kila mtu anatoka kama mzimu. Wiki nzima picha zilitoka nyeusi upande mmoja, naye akailaumu Ulaya yote, mpaka Akaliza alipomwonyesha kwamba ni kidole chake mwenyewe kimeziba taa ya kamera. Donat alisema alikuwa anajaribu kitu.

Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu, Kiingereza na Kijerumani. Donat alisoma Kifaransa. Lakini jirani yake Umulisa, binti aliyerudi kutoka Uganda na kufanya kazi ya ukarani katika ofisi moja karibu na posta, alikuwa na Kiingereza cha kutosha. Kurasa za mwisho zilikuwa na safu tatu: ugonjwa, chanzo, na dawa. Kamera haiwaki: betri zimekwisha au zimewekwa kinyume. Picha ina ukungu: futa jicho kwa kitambaa laini. Umulisa alijitolea kumsomea zote siku moja ya Jumapili. Donat alisikiliza tatu akacheka.

"Huyo ni daktari anatibu mugonjwa kwa barua," alisema. "Mi niko na mikono."

Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, lakini wahenga hawakuwahi kumfahamu Donat. Magonjwa mengine yote aliyatibu kwa mikono hiyo. Aliacha kamera ipoe kwanza kizingitini, alizima kioo, alifuta betri kwa pindo la shati. Ugonjwa mmoja tu ulimshinda: picha zilikuwa zinaingia, hazitoki. Waya wa kuunganisha kamera na kompyuta ulibaki kwenye droo ya Valens, Brussels. Valens alisema kwenye simu kwamba atautuma, na kila aliyekuja kutoka Ulaya alikuja bila waya.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Donat aliteremka Nyamyumba kuijaribu kamera penye mwanga wa ziwa. Mitumbwi ya sambaza, dagaa wa Kivu, ilikuwa inaingia, ile mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wamechoka, taa zao za usiku zimezimwa. Nahodha wao Bizimana alikuwa anagawa samaki. Kijana mmoja, Sylvain, alisimama kwenye maji yaliyomfika magotini, kasia begani.

"Papa Akaliza, na mi unipige basi!"

Donat akampiga. Mara moja tu, kwa sababu betri zilikuwa zinakwisha.

"Ukipata waya unanitoleya kubwa," Sylvain alisema. "Ya kutundika ku ukuta kwa mama."

"Kubwa kabisa," Donat akajibu, akazima kamera.

Siku kumi na mbili baadaye upepo ulishuka kutoka upande wa Kongo, wa ghafla, kama unavyoshuka msimu ule. Mti mmoja wa kuunganisha mitumbwi ulivunjika. Wavuvi wanne waling'ang'ania mbao mpaka kulipokucha. Sylvain alipigwa na ule mti, akaenda. Walimtafuta siku nne kwa mitumbwi yote ya Nyamyumba. Ziwa Kivu ni refu kwenda chini, na linachochukua halina haraka ya kukirudisha. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni, kimefungwa kwenye plastiki, kwa sababu nyakati zile mtu hakutoka hata kwenda chooni bila kitambulisho. Hicho ndicho kilichokuwa na picha yake nyingine. Zile za utotoni zilibaki kwenye kambi ya wakimbizi Kongo mwaka 1996, wakati watu waliporudi mbio na alichoweza mtu kubeba ni mtoto au godoro.

Mama yake, Mukamazimpaka, aliuza sambaza waliokaushwa kwenye soko la Gisenyi. Alikuwa mjane, na Sylvain ndiye aliyekuwa amebaki naye nyumbani. Kwa desturi ya kwetu maiti huzikwa, watu hukaa na wafiwa siku zinazohesabiwa, kisha huja siku ya kuondoa kilio, gukura ikiriyo, watu wanakunywa pamoja na kusema habari za marehemu, na maisha yanaruhusiwa kuendelea. Sasa hapakuwa na maiti. Wazee walikaa wakakubaliana kuhesabu tangu siku utafutaji ulipoachwa, na kwamba siku ya kuondoa kilio iwekwe meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake picha, ili watu wawe na pa kuelekeza nyuso zao. Ndipo Bizimana akakumbuka asubuhi ile.

Mukamazimpaka aliingia studio akiwa amejifunga kitenge cha msiba, akasimama mbele ya maporomoko ya maji.

"Papa Akaliza, watu wanasema mutoto wangu iko kwako."

Donat alikuwa amesikia habari ya kifo, lakini kwa namna ya ajabu hakuwa ameiunganisha na kamera. Alisimama na kitambaa mkononi.

"Iko mu ile mashini," mama akasema. "Bizimana alikuona unamupiga."

"Ni kweli, mama. Iko."

"Basi unionyeshe."

Aliiwasha. Picha ilitokea kwenye kioo kisichozidi boksi la kiberiti. Mukamazimpaka aliipokea kamera kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea zawadi ya mkubwa. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena. Aliishika muda mrefu hata Donat akaanza kuwaza habari za betri.

"Ni yeye," alisema mwishowe. "Utanitoleya kubwa? Siku ya kuondoa kilio, niiweke ku meza?"

"Nitakutoleya, mama. Kubwa kabisa."

Nitakutoleya! Mtu hana hata waya, na neno limeshatoka. Lakini ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo.

Kesho yake mama alirudi, safari hii na Kampire, binti wa dada yake, na wanawake wawili wa Nyamyumba. Keshokutwa alikuja na Bizimana na wavuvi. Siku ya tatu hawakuhesabika. Walikuwa wanakuja kwa adabu, wanavua viatu mlangoni kama kwa mfiwa, wanapokezana kamera kwa mikono miwili, na kila mmoja anasema alichoona.

"Anacheka," Kampire alisema. "Tazama, anacheka kabisa."

"Hapana," Bizimana akasema. "Ni jua lilimuingia mu macho. Amekunja uso."

"Anacheka, papa."

"Mi nilikuwa pale."

Na mama alikaa kwenye kiti cha wateja katikati yao, akiwasikiliza kwa makini, akigeuza uso kwa huyu na kwa yule.

Donat alisimama nyuma ya mabega yao akitazama kitu kimoja tu: alama ndogo ya betri kwenye kona ya kioo. Vijiti vitatu, viwili, kimoja. Kimoja kikianza kupepesa alinyoosha mkono akasema kwa upole, "Inatosha kwa leo, mama." Betri nzuri hazikupatikana Gisenyi. Za sokoni zilikuwa za redio, hafifu, na alizifanyia alivyofanya kila mtu na mawe ya redio: alizianika juani juu ya bati, zikafufuka. Kwenye redio zingefufuka kwa taarifa ya habari nzima na muziki. Kwenye kamera zilifufuka kwa dakika tatu.

Cansilde alimwambia awakataze. Lakini nani anayemkataza mtu kuingia msibani? Na msiba, kwa kuwa ziwa halikurudisha maiti, ulikuwa umehamia ndani ya kamera yake. Hapo ndipo Donat alipoanza kuogopa, hofu ya kweli, ile inayomwamsha mtu alfajiri kabla ya jogoo. Alikuwa amebeba mtoto wa watu.

Umulisa ndiye aliyepata njia. Alipiga simu ofisi yao ya Kigali, akaambiwa kuna fundi wa kompyuta mwenye kifaa cha kusoma kadi za namna ile bila waya wowote. Donat aende Ijumaa, arudi Jumamosi na picha mkononi. Kuondoa kilio kulikuwa Jumapili. Kwa mara ya kwanza tangu mama aingie mlangoni Donat alikula chakula akamaliza.

Alhamisi mchana, wakati wa mapumziko yake, Umulisa alipita studio na kile kijitabu.

"Papa Akaliza, nimesoma kitu," alisema. "Hii kamera imeshikwa na watu wengi. Mmoja akibonyeza kitufe cha kufuta kwa bahati mbaya, picha imekwenda. Lakini kuna namna ya kuifungia. Inatokea alama ya ufunguo, basi hakuna anayeweza kuifuta."

Alimwonyesha: kitufe hiki, halafu hiki, halafu hiki. Donat alirudia mara moja, akakubali kwa kichwa.

"Kuna mstari mwingine hapa chini," Umulisa akasema, kidole juu ya ukurasa.

"Inatosha, dada. Mi najua kamera."

"Ni mfupi tu."

"Rudi ku kazi, mukubwa wako atakugombeza. Merci, eh? Merci kabisa."

Umulisa akafunga kijitabu. Alikuwa binti mwenye adabu, na mwanamume mwenye umri wa baba yake alikuwa amesema inatosha.

Donat aliweka betri zilizotoka juani. Akaileta picha ya Sylvain kwenye kioo. Kitufe hiki, halafu hiki, halafu hiki. Taa ndogo ya kijani pembeni mwa kamera ikaanza kupepesa. Alama ya ufunguo ikatokea, kisha kioo kikaganda. Alibonyeza, haikujibu. Alijaribu kuizima, haikuzimika. Taa iliendelea kupepesa, taratibu, kama mtu anayepumua kwa shida. Dakika mbili zikapita, zikawa tano.

Kamera imekwama. Basi, hilo Donat alilijua. Kamera zilimkwamia mara mia katika maisha yake: arusini, kwenye ubatizo, siku askofu alipokuja Nyundo. Na dawa ilikuwa moja, ile aliyofundishwa Goma akiwa kijana wa kufagia: usilazimishe kitu, ingia gizani, fungua mlango wa kamera, toa filimu kwa vidole, ifunge. Kamera inaweza kufa lakini picha zitaishi. Hakuna hata arusi moja aliyowahi kuipoteza namna hiyo. Mzoea punda hapandi farasi, na huyu punda alikuwa amembeba miaka ishirini na miwili bila kumwangusha.

Aliingia chumba cha giza, akateremsha blanketi ya kwanza, akateremsha ya pili.

Na mle ndani, mahali ambapo hapajawahi kuingia mwanga asioualika yeye, ile taa ya kijani ikapepesa ukutani. Ikamulika mabeseni ya dawa, ikamulika mikono yake. Ungeelewa kilichompata kama ungekuwa wa kazi ile. Mwanga gizani unaunguza picha. Hilo halikuwa wazo, lilikuwa mwilini mwake, kama wewe unavyoondoa mkono kwenye moto bila kushauriana na mtu. Aliiziba taa kwa kidole gumba, akafungua mlango mdogo kwa mkono wa pili, akaivuta kadi nje upesi upesi. Akaifunga kwenye karatasi nyeusi, akaitia kwenye kopo la filimu, akakaza kifuniko.

Taa ilizimika. Akasimama gizani akitweta, kopo kifuani.

"Nimekuokoa," alimwambia Sylvain kwa sauti.

Maskini Donat. Nikifika hapa huwa natamani habari iishie hapo, aachwe na kopo lake gizani.

Alipumzika, akanywa maji, akaweka betri mpya alizokuwa amezitunza kwa safari, akarudisha kadi. Kioo kiliwaka cheupe kitupu. Katikati paliandikwa mstari mmoja wa Kiingereza. Alizima, akawasha, mstari ukarudi. Alitoka hivyo hivyo bila kufunga studio, akapita katikati ya barabara ya posta kamera ikiwa mikononi, na watu waliomsalimia walisema baadaye kwamba hakuitika.

Umulisa alisoma kioo. Akafungua kijitabu kwenye zile safu tatu, akatafuta kwa kidole.

"Inasema kadi haisomeki."

"Dawa?"

"Dawa ni kuiandaa upya. Picha zote zilizomo zitafutika."

"Hiyo si dawa. Nyingine?"

"Hakuna nyingine, Papa Akaliza." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Uliifungua taa ikiwa inapepesa?"

Umulisa alirudi kwenye ule ukurasa wa ufunguo, kwenye mstari wa chini, akausoma kama mtu anavyosoma jina la marehemu: taa inapopepesa, kamera inaandika kwenye kadi, usifungue mlango, usitoe betri, picha zinaweza kuharibika zote. Donat alimwomba ausome tena. Akamwomba ausome mara ya tatu. Ulikuwa mfupi kweli.

Hata hivyo Ijumaa alikwenda Kigali, maana mtu hukata tamaa kwa miguu pia, na miguu ni ya mwisho kujua. Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani. Alitia kadi kwenye kifaa chake, akabonyeza, akasubiri, akaitoa, akaifuta, akaitia tena. Akamgeuzia Donat kompyuta ili aone mwenyewe.

"Hii iko vide, muzee. Hakuna kitu."

"Hata kivuli? Filimu ikiungua inabakisha kivuli. Mi najua kukitoa. Nipe kivuli tu."

"Hii haina kivuli," fundi akasema. "Kitu iko ao haiko."

Donat alirudi Gisenyi siku hiyo hiyo, kadi mfukoni, na njia nzima ya milima hakuona mlima. Alilia mara moja, kwenye kona za juu, uso ameugeuzia dirishani. Kilichomuuma hakikuwa kosa. Makosa alishafanya. Kilichomuuma ni kwamba angefanya vile vile tena. Angewekwa gizani mara elfu na ile taa, mara elfu angeivuta ile kadi, kwa sababu ndivyo alivyojua kuokoa. Ujuzi wake wote, kitu pekee alichokuwa nacho cha kujivunia duniani, ndio uliomzamisha yule kijana mara ya pili.

Cansilde alimwambia aseme mashine iliharibika yenyewe, mashine huharibika, nani atajua? Alifikiria. Hata Jumapili asubuhi, akiteremka kwa miguu njia ya ziwa kwenda Nyamyumba, alikuwa bado anafikiria. Ziwa lilikuwa shwari kabisa, watu wanafua.

Nyumba ya Mukamazimpaka ilikuwa imejaa mpaka uani. Walikuwapo wavuvi wote wa Bizimana, wamevaa mashati ya kanisani. Pombe ya mtama ilikuwa kwenye mitungi, haijaguswa. Ndani, karibu na ukuta, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, mishumaa miwili, maua kwenye glasi, na katikati nafasi imeachwa. Nafasi kubwa, kwa sababu aliahidi kubwa.

Mama alimwona mikono mitupu. Alitoka naye nje, nyuma ya nyumba, penye vichanja vya kukaushia samaki.

"Imepotea, mama," Donat alisema. Ile habari ya mashine iliyoharibika yenyewe ilikuwa mdomoni, tayari, na ikakataa kutoka. "Mi ndiye niliiharibu. Nilitaka kuichunga, nikaiharibu. Nilienda mpaka Kigali. Haiko."

"Haiko fasi yoyote?"

"Haiko fasi yoyote."

Mukamazimpaka alishika kichanja. Donat alimngojea alie, au ampige, na kipigo angekipokea kwa shukrani. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Papa Akaliza," alisema, "mi sikumuona."

"Mama?"

"Mu ile kioo. Macho yangu ya karibu ilikufa tangu kule kambini. Naona mbali, ziwa naliona mpaka ng'ambo, lakini kitu cha mukononi hapana. Niliona mwangaza tu. Nikasema ni yeye, maana ningesema nini? Nikasema nitangoja ile kubwa. Ndiyo maana nilikuwa naleta watu, waniambie." Alimgeukia. "Kampire anasema alikuwa anacheka. Bizimana anasema hapana, alikunja uso kwa sababu ya jua. Watakufa wanabishana, wale. Lakini wewe ndiye ulimupiga, na kila siku ulisimama pale unamuangalia. Uniambie we. Mutoto wangu alikuwa anacheka?"

Donat aliitafuta ile picha kichwani. Aliiona kona ya kioo, alama ya betri, vijiti viwili, kimoja, kimoja kinapepesa. Aliuona mwanga wa saa moja asubuhi ukitoka kushoto, kasia limekatiza vibaya, mstari wa maji haukunyooka. Alitafuta uso. Mahali pa uso palikuwa na weupe, kama kile kioo siku ya Alhamisi.

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Ndiyo, mama, alikuwa anacheka. Nani angeidai picha ishuhudie? Lakini yule mama alikuwa anamtazama mdomoni, kwa macho yake yanayoona mbali, amerudi nyuma hatua mbili ili amwone vizuri.

"Sijui, mama," alisema. "Nilikuwa naangalia betri."

Mukamazimpaka alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilokwisha kulijua.

"Donc basi, hakuna mutu alimuona," alisema.

Akaingia ndani. Akazima mishumaa kwa vidole, akaondoa glasi ya maua akaiweka chini, akamwita Kampire aje ashike upande wa pili wa kitambaa, wakaanza kukikunja. Watu waliokuwa wamekaa walisimama, wakidhani maombi yanaanza, na Donat, mlangoni, akavua kofia pamoja nao.